Milango ya Machinjio

Machinjioni, chumba cha walinzi
Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu wangu Msumari,

Salamu utazikuta mwishoni, kwanza kazi. Barua hii anakuletea mama yako kwa sababu mimi hapo mahabusu kwenu nimepigwa marufuku. Yule kijana wa getini alinipapasa kiunoni akitafuta sijui nini, nikamwambia mwanangu toa mkono, akacheka, nikampa moja ya taya. Moja tu. Nasikia mpaka leo anakunywa supu kwa mrija. Babu yako bado yumo, usidanganyike na mvi.

Sasa sikiliza. Meneja kanikabidhi kompyuta yako. Ndiyo, ile ile, na chumba chako chenye dirisha la kioo linalotazama chini kwenye ukumbi wa kulabu. Tangu ulipompasua kichwa kwa kile kiti cha chuma hakuna anayeiweza ile programu yako ya kupanga kazi. Walileta kijana mmoja wa tai, akakaa asubuhi moja, akawasikia ng'ombe wanavyolia, akatapikia kikapu cha karatasi akaenda zake. Ndipo Meneja akaniita. Mzee Nyundo, anasema, wewe ni mkuu wa walinzi wangu na yule binti ni damu yako, lazima na wewe unacho kichwa kama chake. Nikamwambia wewe unadhani chake alikitoa wapi?

Kazi yenyewe ni ratiba ya mbuzi. Nani aingie, nani angoje. Usiulize zaidi.

Nimeifungua. Naona uwanja mweupe kama ukumbi uliooshwa na maji ya moto. Katikati kuna visanduku vimeungwa kwa mishale, vinafuatana kama ng'ombe wanaokwenda kisuni. Kushoto kuna vitu vimerundikwa. Kulia kuna maandishi madogo madogo, nadhani yananitukana. Nikigusa kisanduku kinaruka. Nikizungusha lile gurudumu la kipanya vinakuwa vikubwa kama nyumba, nikirudisha vinakuwa kama chawa. Jana vilikuwa chawa kabisa halafu vikapotea, nikaipiga ile skrini kofi, ikapata ufa kwenye kona. Ufa mdogo. Inawaka.

Tingatinga, yule msaidizi wangu mwenye shingo nene, alikuwa mlangoni akacheka. Sasa hacheki.

Mimi nimeangusha mafahali kwa nyundo, pigo moja katikati ya paji la uso, hata kope haipepesi, ndiyo maana hakuna anayekumbuka jina nililopewa na mama yangu. Siwezi kushindwa na visanduku. Niandikie namna ya kutembea humo ndani. Andika herufi kubwa, maana shule niliiacha nikiwa najua kusoma jina langu na majina ya adui zangu tu.

Haya, salamu. Unakula? Wanakupiga? Nitajie anayekupiga.

Babu yako,
Nyundo

*

Mahabusu ya wanawake
Jumamosi, 9 Machi

Shikamoo babu,

Nakula. Nimepigwa mara moja, nikapiga mara moja, sasa tunaheshimiana. Juzi watu waligombania ndoo ya maji, mmoja akang'olewa nywele na ngozi ikaja nazo. Usimwambie mama. Na wewe uache kupiga watu wa getini, wanatulipizia sisi tulio ndani.

Kuhusu ile programu. Usiipige, haisikii maumivu. Fikiria ukumbi wetu.

Kushoto ni ghala. Kila kitu unachokiona pale ni kitendo kimoja: Pokea Ombi, Tuma Ujumbe, Ngoja Ruhusa, Piga King'ora, Fungua, Funga. Unakishika kwa kipanya, usiachie kidole, unakiburuza mpaka uwanjani, ndipo unaachia. Kikitua kinakuwa kisanduku.

Katikati ni uwanja wenyewe. Kisanduku peke yake ni mzoga, hakifanyi lolote. Lazima ukiunge kwa mshale na kilichotangulia. Kila kisanduku kina kidoa pembeni, ukikivuta kidoa hicho mshale unatoka kama utumbo, uupeleke mpaka kwenye kisanduku kinachofuata.

Kulia ni sifa za kitu ulichokigusa. Hayakutukani babu, yanakuuliza maswali. Mlango upi? Baada ya muda gani? Nani apewe habari?

Juu kabisa kuna maneno matatu. Hifadhi maana yake kazi yako haitapotea. Jaribu maana yake programu inaigiza tu, hakuna kinachotokea ukumbini. Peleka Kazini, hapo si mchezo tena, milango na minyororo inakusikiliza wewe. Neno hilo la tatu usiliguse kama huna hakika.

Vikiwa chawa, bonyeza kile kiduara chenye nukta katikati, vitarudi ukubwa wake.

Lakini babu, tangu lini Meneja akajali ratiba ya mbuzi? Mbuzi wanaingizwa na wachungaji kwa fimbo na matusi, programu haijawahi kuhusika. Niambie ukweli, unatengeneza nini?

Mjukuu wako,
Msumari

*

Machinjioni, kwenye kiti chako
Alhamisi, 14 Machi

Msumari,

Nimeweza! Nilijua nitaweza, nilikuwa nakupima tu. Sasa naburuza vitu kama ninavyoburuza kondoo kwa mguu wa nyuma. Meneja alikuja akasimama nyuma yangu akasema mzee unatisha. Nikamwambia sogea, unaniziba mwanga.

Nakwambia nilivyopanga, uone kama yule wa tai angeweza. Cha kwanza ni Kitufe Chekundu. Kutoka pale mshale, Funga Milango Yote. Kutoka pale mshale tena, Ita Kikosi. Basi, safi kama kisu. Nimebonyeza Jaribu, visanduku vikawaka kijani kimoja kimoja, mpaka nikasimama nikapiga makofi peke yangu. Nimemwita Tingatinga aone. Amesema hajaona kitu kama hicho. Asingesema vingine, bado sikio moja limevimba.

Ila nina kero. Vile visanduku vyako vya zamani bado viko katikati ya uwanja, na pembeni vimeandikwa jina lako. Na vyenyewe vinaanza na Kitufe Chekundu. Meneja kasema viuawe kabla sijapeleka kazini. Nimetafuta pa kuvichinjia sikupaona. Nikigonga kwa nguvu vinatikisika tu. Tena kona ya chini kuna kadirisha kadogo kana vidoa, ni uchafu au ni nini? Nimekafuta kwa mate hakatoki.

Nilitaka nisikwambie lakini mimi siwezi kukaa na jambo zuri tumboni. Meneja ameniapia. Siku milango itakapofanya kazi na watu wakarudi kwenye kulabu zao, siku hiyo hiyo anakwenda mwenyewe mahakamani kufuta kesi yako. Unatoka. Unasikia? Mama yako amekonda mpaka pete inamdondoka. Na mimi nimechoka kumtazama analia juu ya sufuria.

Kwa hiyo niambie visanduku vinauawaje, upesi.

Nyundo

*

Mahabusu ya wanawake
Jumatatu, 18 Machi

Babu,

Kumbe ndiyo ratiba ya mbuzi.

Wanagoma, sivyo? Watakaa chini ukumbini kama walivyosema kabla sijakamatwa, na Meneja anataka kuwafungia ndani na wewe na vijana wako na marungu yenu. Usinijibu kwamba sijui. Hili ndilo alilonitaka mimi nilifanye.

Wewe ndiye uliyevunja mlango wa chumba cha baridi siku ile gesi ya kugandishia ilipovuja. Milango ilikuwa imefungwa na aliyekuwa na ufunguo alikuwa kwake anakula. Ulibeba wale vijana begani, mmoja mmoja. Uliwaona vidole. Hawakuwa na kucha babu, walizimaliza kwenye chuma cha mlango. Ulikuja nyumbani ukakaa uani na nguo zile zile za kazi.

Ndipo nikatengeneza vile visanduku unavyotaka kuviua. Mtu yeyote akibonyeza Kitufe Chekundu, king'ora kinalia, kinaacha nafasi watu wajikusanye, halafu milango yote inafunguka, na haikubali kufungwa mpaka fundi wa barafu, anayetunza mitambo ya baridi, aseme pamekuwa salama. Ni hivyo tu. Meneja akaniambia vigeuze, vifunge. Nikasema sivigeuzi. Akanipiga kofi la sikio mpaka nikasikia filimbi, akainua mkono tena. Kiti kilikuwa karibu.

Mimi nimekaa humu kwa ajili ya milango hiyo. Usinitoe kwa kuvunja watu mifupa. Wale ni watu wako, Mama Matumbo, fundi wa barafu, wachunaji. Umekula nao. Nakuomba babu, simama uondoke kwenye kiti hicho.

Msumari

*

Machinjioni
Alhamisi, 21 Machi

Wewe mtoto,

Usinifundishe nani ni watu wangu. Watu wangu ni wewe na mama yako, basi, wengine wote ni majirani. Fundi wa barafu amekuletea nini hapo gerezani? Mama Matumbo amekuja hata kukutazama? Wote wanasema Msumari shujaa, Msumari shujaa, halafu wanakwenda kulala kwao. Mimi ndiye ninayelala macho.

Hakuna atakayevunjwa mifupa. Watapigwa kidogo tu, kuwaamsha. Mimi najua kupiga mtu kwa kipimo, nimepiga watu maisha yangu yote na wengi bado wanatembea.

Halafu kichwa chako kigumu umekipata kwangu kwa hiyo usikitumie dhidi yangu. Niambie visanduku vinauawaje. Usiponiambia naibeba kompyuta naitumbukiza kwenye pipa la damu, Meneja atafute nyingine na mjukuu mwingine wa kuozea ndani.

Mgomo ni wiki ijayo.

Nyundo

*

Mahabusu ya wanawake
Jumapili, 24 Machi

Shikamoo babu yangu,

Umeshinda. Nimefikiri, na kweli nimechoka na huku. Nataka kuja nyumbani.

Kuua ni rahisi. Usiviguse visanduku vyenyewe. Shika mahali patupu pa uwanja, bonyeza, usiachie, buruza kwenda kulia. Vyangu vyote vitasogea kwa pamoja. Achia, shika tena, buruza tena, mpaka visionekane hata kimoja na uwanja uwe mweupe kabisa. Vile vilivyopotea kwa udogo vilikuwa hai ndiyo maana vilirudi. Ila vikitoka nje kupitia ubavuni vimekufa. Halafu panga vyako upya hapo hapo kwenye weupe, bonyeza Hifadhi, kisha Peleka Kazini.

Kale kadirisha ka kona ya chini ni mapambo tu. Usikasumbukie.

Wewe mwenyewe usiingie ukumbini siku hiyo. Wewe ni mkubwa wao, kaa juu kwenye kiti uwatazame vijana. Niahidi.

Msumari wako

*

Wodi ya majeruhi
Jumanne, 2 Aprili

Msumari,

Taya langu limefungwa waya kwa hiyo siwezi kumtukana mtu ila kwa kalamu. Na kalamu nashika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba. Soma pole pole.

Niliviua visanduku vyako kama ulivyosema. Niliburuza mpaka uwanja ukawa mweupe, nikapanga vyangu, nikapeleka kazini. Asubuhi ya mgomo wakaja wakakaa chini sakafuni, chini ya kulabu, nyama zinaning'inia juu ya vichwa vyao. Kule uani walibaki wanawake wa Mama Matumbo wanaoosha utumbo, na wachunaji na visu vyao, wanangoja zamu ya kuingia kukaa. Meneja yuko juu nyuma ya kioo. Akabonyeza Kitufe Chekundu.

Msumari, ungeiona ile milango! Ilishuka yote kwa mpigo, kishindo kimoja, mpaka nyama zikayumba. Nilijisikia kama nimezaa. Nikasema hiyo ni kazi yangu mimi, na kikosi kikaitwa, na sisi tulikuwa tayari mle ndani kwenye kichumba cha kubadilishia nguo. Uliniambia nisiingie. Nyundo hakai kwenye kiti. Nilikuwa wa mbele.

Tukaanza. Sitakwambia yote. Marungu yakigonga vichwa kwenye ukumbi ule yanatoa mwangwi kama mtu anapasua kuni. Sakafu ina mteremko wa kupeleka damu mferejini, na siku hiyo haikuwa ya ng'ombe. Walijikunyata, wakafunika vichwa, tukapiga mikono waliyofunikia. Fundi wa barafu akasimama mbele yangu viganja wazi. Mzee Nyundo, ni mimi, akasema, tulikula sahani moja mzee. Nilikuwa nimeshainua. Mkono wake ulivunjika juu ya kiwiko, mfupa ukachungulia nje, na yeye anautazama tu kama wa mtu mwingine.

Hapo hapo king'ora kikalia. Mimi sikuweka king'ora. Tukasimama wote, wapigaji na wapigwaji, tunatazama juu. Kikalia, kikalia, halafu milango ikaanza kupanda. Yenyewe. Nikamwona Meneja nyuma ya kioo anabonyeza na kubonyeza kama mtu anayefinya jipu, inapanda tu.

Na uani wote walikuwa wamesikia vilio.

Wanawake wa utumbo waliingia kwanza. Mama Matumbo alikuwa na mguu wa ng'ombe uliogandishwa, ameushika kwa mikono miwili, akanipiga nao hapa, nikasikia meno yakienda sehemu tofauti. Nikaanguka, wakanipanda. Tingatinga alipigwa jicho na ndoano ya mkono, jicho halipo, daktari kasema asahau. Alikuwa anamwita mama yake. Vijana wengine walitupa marungu wakapigwa nayo.

Meneja akashuka ngazi akipiga kelele kwangu, funga we mzee, funga! Wakamdaka. Wakamtundika kwa koti lake kwenye kulabu, mtu akawasha mnyororo, akazungushwa ukumbi mzima katikati ya nyama, miguu inapiga hewa, anagongana na mapaja ya ng'ombe, kola ikimkaba mpaka macho yakamtoka. Alipofika kwenye kona ile ya msumeno mtu akazima. Mtu alimhurumia, sijui nani, si mimi. Amevunjika mfupa wa bega.

Sasa niambie wewe unayejua. Mimi nilifunga. Nani kafungua? Ni shetani gani alikuwa ndani ya ile kompyuta? Kesi yako haijafutwa na haitafutwa. Nimepigwa mbele ya watu niliokuwa nawatisha, tena na mwanamke, na sijui hata nimekosea wapi.

Babu yako

*

Machinjioni
Jumatatu, 8 Aprili

Nimetoka hospitali. Hawakuniruhusu. Nimetoka.

Chumba chako kimevunjwa kioo, vipande vimejaa kwenye kiti, nikavikalia hivyo hivyo. Kompyuta inawaka. Nikaushika uwanja patupu, nikauburuza kwenda kulia, na kwenye kale kadirisha ka mapambo nikaona vidoa vinasogea. Nikarudisha, vikarudi. Nikaburuza tena. Vidoa vya makundi mawili, moja hapa, jingine kule pembeni kabisa, nje ya kioo cha kompyuta.

Nikavifuata. Nimeburuza mpaka kidole kikafa ganzi, na nimevikuta vyote, vizima, na mishale yao, na jina lako. Uwanja ni mkubwa kuliko kioo. Kumbe nilikuwa natazama kwa tundu la ufunguo.

Ulijua. Uliniambia shikamoo babu yangu, ukaniambia nataka kuja nyumbani.

Nimechinja maisha yangu yote na sijawahi kumbembeleza mnyama namna hiyo kabla ya kumtia kisu.

Usiniandikie.

*

Mahabusu ya wanawake
Alhamisi, 25 Aprili

Shikamoo babu,

Ulisema nisiandike, naandika. Nitaondoka hapa kesho asubuhi. Meneja ametimuliwa na wenye kampuni, amehama mji, nyumba yake iko wazi hata mapazia hakuchukua. Mlalamikaji hayupo, hakimu ameifuta kesi.

Lakini kabla ya hapo alikuja mpelelezi. Wiki mbili zilizopita, na karatasi za kampuni. Walitaka niwe mimi. Walisema mzee yule hajui kusoma vizuri, hawezi kuitumia programu ile, kwa hiyo mfungwa alimwongoza kwa barua, akamfanya chombo, watu wakatolewa macho. Aliniambia hiyo ni njama, na njama ina miaka mingi kuliko kiti cha chuma. Nikasubiri arudi kunisomea mashtaka mapya. Hakurudi. Jana tu ndiyo amekuja kuniambia sihusishwi tena na njama hiyo, na akanisimulia.

Anasema walikuketisha mbele ya kompyuta wakijua utashindwa. Anasema uliwauliza mnataka kuanzia wapi. Ukawapeleka kushoto kwenye ghala, ukawapeleka kulia kwenye sifa, ukawakuza visanduku vikawa kama nyumba ukavirudisha. Kisha ukaburuza uwanja bila kutazama kidole, ukawafikisha kwenye visanduku vyangu, ukasema hivi ni vya mjukuu wangu, vilikuwepo kabla yangu, niliviacha kwa makusudi. Nilifunga mimi na nilifungua mimi. Meneja alitaka kufunga, nikampa. Habari ya kufungua niliipanga mwenyewe, huyo binti ananiandikia salamu tu. Mpelelezi anasema aliondoka hana shaka kwamba ile programu unaijua kuliko yeyote pale. Wakakufunga pingu hapo hapo kwenye kiti changu.

Babu, ninayo barua yako ya tarehe mbili. Uliniuliza shetani gani kafungua. Hukujua. Umewadanganya.

Na mimi nilikudanganya wewe. Nilikuomba usiingie ukumbini, nikadhani hilo linatosha. Nilijua milango itafunguka na nilijua walioko uani wana visu. Niliwaza watapigwa vijana wa kikosi, na nikaona ni sawa. Sikuwaza taya lako. Sikuwaza jicho la Tingatinga, ambaye alinifundisha kuendesha baiskeli.

Nitakwenda kwa mpelelezi nimwambie ukweli.

Msumari

*

Mahabusu ya wanaume
Jumapili, 12 Mei

Msumari,

Ulikuja kwenye dirisha la wageni jana nikakataa kutoka. Leo pia nitakataa, usipoteze nauli. Sitaki unione na mdomo huu. Meno yatakuja ya bandia, wamesema, nikitoka. Halafu tutaonana.

Sasa nakwambia mara moja. Hutakwenda kwa mpelelezi. Ile barua ya tarehe mbili niliandika nikiwa na dawa za maumivu kichwani, mgonjwa anaandika lolote. Mimi nilijua kila kitu. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba uwanja ni mpana kuliko kioo, ila nilikuacha ufurahi. Unadhani mtu kama mimi anaweza kuchezewa na kitoto? Hivyo ndivyo nilivyowaambia, hivyo ndivyo nitakavyomwambia hakimu, na ukienda kusema tofauti utanifanya mwongo mbele ya watu na nitakuchapa hata utakapokuwa na mvi.

Hapa wananiheshimu. Siku ya kwanza jitu moja lilitaka shuka langu. Nililiambia mimi ni Nyundo, likauliza nyundo gani haina meno. Tulipigana tukalala chini wote wawili mpaka askari wakaja na maji. Lakini shuka ninalo. Na wengine walipojua ndimi niliyefungua milango wakaanza kuniita baba. Wanasimulia hadithi yenyewe mpaka mimi naifurahia, ndani yake niko peke yangu na nawafungulia watu mia. Siwasahihishi.

Tingatinga amenisamehe. Au haoni vizuri, mmoja kati ya hayo mawili.

Fundi wa barafu alikuja. Yeye nilitoka nikamwona, nilidhani amekuja kunitemea mate na nilitaka anitemee uso kwa uso. Mkono umewekwa vyuma. Alikaa upande ule wa dirisha, mimi upande huu. Muda ulipokaribia kwisha akaniuliza, kwa nini mzee? Na mimi nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nilitaka kusema mjukuu wangu alikuwa ndani, ungefanya nini wewe, niliahidiwa atatoka. Lilikuwa jibu zuri, lingemfanya anionee huruma.

Nikalimeza. Nikamwambia nilikupiga kwa sababu nilikuwa na rungu na wewe huna. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Utakutana naye, mji ni mdogo, na najua moyo wako, utataka kumweleza. Utataka kusema babu alifanya vile kwa ajili yangu. Usithubutu. Mkono ule niliuvunja mimi. Wewe huna hata kidole katika mfupa ule, na sitaki ukaubebe ukaishi nao.

Mpe mama yako salamu. Mwambie ale.

Babu yako,
Nyundo